Karama Alisomea Wapi?

Kwenye mlango wa chumba chetu cha vitabu, kile cha mabati nyuma ya shule, wamebandika karatasi yenye maandishi makubwa: KUSOMA NI UHURU. Aliyeibandika alikuwa na nia njema, na gundi yake ni nzuri, maana masika yamepita na bado ipo. Lakini kila ninapoingia pale namkumbuka bibi yangu, mzaa baba. Bibi hakujua kusoma. Angesomewa maneno yale, angeichana ile karatasi.

Bibi alikuwa mtu wa Rumonge, pwani ya Tanganyika, kusini mwa Bujumbura, mji wa mawese na ndagala, ambako Kiswahili kinasemwa sokoni na bandarini tangu enzi za wazee. Mume wake, babu yangu ambaye sikumwona, alikuwa anapima mawese na kuandika kwenye daftari kilo za kila mkulima. Elimu yake yote ilikuwa hiyo: kuhesabu, kuandika majina, na kuwasomea majirani barua zao. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianzia huku kwetu, Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi wa Kihutu waliua Watutsi, na hilo nalisema wazi kwa sababu wapo kambini wanaopenda kuanzia hadithi katikati. Kisha jeshi na vijana wa chama wakajibu, nchi nzima, kwa wiki na miezi, na waliotafutwa kwanza ni Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wauguzi, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 100,000 na kufika 300,000. Watu waliitwa kwa majina kutoka kwenye orodha. Babu alichukuliwa mwezi wa Mei, na bibi aliamini mpaka anakufa kwamba kilichomponza ni lile daftari. Karatasi zake zote alizifukia chini ya michikichi, akashika watoto, akavuka ziwa usiku.

Kwa bibi, herufi zilikuwa kitu kinachomfanya mtu aonekane kwa mbali. Hakuwa peke yake. Baada ya 1972 wako wazazi wengi Burundi walioogopa kumpeleka mtoto shule, wakihofia kwamba wanamnenepesha kwa ajili ya siku nyingine kama ile. Kwa hiyo ukiniambia kusoma ni uhuru nitakubali, ila nitakuuliza: wapi, mwaka gani, na nani anasoma karatasi ya nani?

Nataka kuliuliza swali hilo kwa kupitia kitabu kimoja hasa, *Kusadikika* cha Shaaban Robert, na kingine kidogo, *Petit Pays* cha Gaël Faye. Kikundi chetu cha Jumamosi kimeshindwa kukubaliana tuanze na kipi. Mimi nina upande wangu.

*

Nilizaliwa Katumba, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa 1973 upande wa Mpanda. Nakala yangu ya *Kusadikika* niliipata huko nikiwa kidato cha pili, kwa kubadilishana na fulana. Haikuwa na jalada, na kurasa za mwisho hazikuwepo. Nadhani zilisokotewa tumbaku. Basi kwa miaka zaidi ya kumi niliijua kesi ya Karama bila kuijua hukumu.

Kwa ambao hawajakisoma: Kusadikika ni nchi inayoelea angani, yenye mfalme, mawaziri, mahakama na jela. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria, kitu ambacho pale hakikuruhusiwa. Akipewa nafasi ya kujitetea, hasemi kwamba hakufanya. Anaisimulia mahakama, siku baada ya siku, habari za wajumbe sita ambao nchi ile iliwahi kuwatuma nje: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Walitumwa pande zote nne, na juu mbinguni, na chini ardhini. Kila mmoja alipata taabu njiani, akaona mambo yanayofaa, akarudi nyumbani kuyaeleza. Na kila mmoja alipokewa kwa kifungo.

Hebu isome tena hiyo ya mwisho ukiwa mtu wa Rumonge.

Nilikuwa nasoma kwa sauti jioni, nje, wakati bibi anachambua maharage. Kitabu hakukipenda, ila Karama alimpenda sana. Nilipofika mahali kurasa zinapoishia nikawauliza wao nini kilitokea. Bibi alisema walimuua, na hakutaka mjadala, akaendelea na maharage yake. Baba akasema hapana, Karama alitoroka kabla ya hukumu, akavuka. Baba alivuka ziwa akiwa na miaka 17. Kwake kila hadithi njema ina mtumbwi ndani yake. Mwalimu wetu wa Kiswahili alilijua jibu, akakataa kuniambia. Alisema nikatafute kitabu kizima. Wakati ule nilimwona mchoyo.

Mwaka 2007 na 2008 tuliulizwa tuchague kati ya uraia wa Tanzania na kurudi. Wengi walichagua kubaki, na zaidi ya 162,000 wakapata uraia. Sisi tulikuwa kati ya makumi ya maelfu waliorudi: treni mpaka Kigoma, lori mpaka Makamba, kisha barabara ile ya kando ya ziwa kupanda kaskazini. Bibi alikuwa ameshafariki. Baba alikaa upande wa ziwa njia nzima na hakusema neno.

Rumonge nilikuwa mwanaume wa miaka 20 mwenye cheti cha kidato cha nne, na nilikuwa sijui kusoma. Nasema kweli. Kiswahili nilikuwa nacho, cha vitabu kabisa, mpaka watoto sokoni wakatuita Watanzania. Kiingereza cha kubabaisha nilikuwa nacho. Kirundi changu kilikuwa cha jikoni. Lakini karatasi zote zenye nguvu ziliandikwa kwa Kifaransa, au kwa Kirundi cha ofisini ambacho ni mlima mwingine.

Shamba la babu, njia ya kwenda Mugara, lilikuwa na watu. Mzee aliyelikalia hakuwa mwizi. Alipewa na wenye mamlaka miaka ya sabini, akazaa pale, akazika pale. Pwani nzima ilikuwa hivyo, ndiyo maana mwaka 2006 serikali iliunda tume ya ardhi, na katika miaka ya mwanzo tume ilihimiza watu wagawane. Sisi hatukufika hata huko. Mtu mmoja aliyejua Kifaransa, simtaji, alijitolea kutupatanisha. Akaandika karatasi, akatusomea kwa Kiswahili: mnagawana kwa muda, nyinyi sehemu ya juu, mzee sehemu ya chini yenye michikichi, mpaka wakubwa waamue. Baba akaweka dole gumba. Mimi nilisimama pembeni yake, na *Kusadikika* iko nyumbani chini ya mto, nikaitazama ile karatasi kama mbuzi anavyotazama gazeti.

*

Mwaka 2015 tukavuka tena, safari hii kwa Kagunga. Wengi wenu mlikuwepo. Sina haja ya kueleza kijiji kile, wala kipindupindu, wala jinsi Liemba ilivyosimama mbali majini kwa sababu hapana gati. Baba alibeba mfuko wa nailoni wenye kadi zetu za zamani na ile karatasi. Mimi nilisahau kitabu.

*Petit Pays* nilikipata humu kambini. Mfanyakazi mmoja wa shirika alimaliza mkataba akaacha katoni la vitabu, na kile kilikuwa juu. Kilitoka Ufaransa mwaka 2016, kikapata tuzo ya Goncourt ile inayotolewa na wanafunzi wa sekondari, na mwandishi wake alizaliwa Bujumbura 1982. Nilikifungua kwa sababu hiyo tu. Ukurasa wa kwanza ulinichukua siku tatu. Nilikuwa na kamusi na daftari la mistari, naandika neno kushoto na maana kulia. Matamshi nilisahihishwa na mama mmoja Mkongo, mwalimu wa zamani, ambaye alinisikiliza huku anakaanga maandazi na kunirudisha nyuma kila nilipokosea. Kitabu kizima kilinichukua miezi minane. Najua siku hizi watu wanapenda kusema "alijisomea mwenyewe". Mimi pia nimeambiwa hivyo, na nikaona fahari. Ila katika ule usomaji wa peke yangu kulikuwa na mtu aliyeacha katoni, mtu aliyetunga kamusi, na mama wa maandazi.

Sasa kuhusu kitabu chenyewe. Mtoto Gabriel anaishi mtaa wa watu wenye uwezo Bujumbura, baba Mfaransa, mama Mnyarwanda. Vita inakaribia, na marafiki zake wa mtaani wanaanza kujifanya askari. Jirani yao, mama wa Kigiriki aitwaye Madame Economopoulos, ambaye wale watoto walikuwa wanamwibia maembe, anamfungulia Gabriel maktaba yake. Anamwazima kitabu, mtoto anarudisha, wanazungumza alichokisikia moyoni, anampa kingine. Kurasa hizo ni tamu kweli. Nikiwa nazisoma kwa kamusi nilitamani yule mama awe jirani yangu. Na kuna ukweli mkubwa ndani yake: kitabu ni kitu ambacho mtu anampa mtu, kisha anamuuliza.

Wenzetu wa kikundi wanaotaka tuanze na kitabu hiki wanasema ndicho kinachoonyesha uhuru wa kusoma. Mtaa unawaka, mtoto anafungua kitabu, ukuta unaondoka. Ndugu zetu wa mashirika nao, waliowahi kukisoma, wananiambia hivyohivyo, na wananiangalia kana kwamba ndicho kilichonitokea na mimi. Mimi naona kitabu chenyewe kinasema kitu kingine, tena kwa ukali. Yule mtoto aliyejificha kwenye vitabu ndiye ambaye baadaye anashikishwa moto na wenzake, mbele ya gari lenye mtu ndani, na anautupa. Vitabu vya Madame Economopoulos havikuuzuia mkono wake. Faye hajifichi hapo, namheshimu kwa hilo. Anatuonyesha kwamba kusoma kwa kukimbilia ni kibanda kizuri, ila kibanda hakina mlango wa chuma.

Nina lalamiko moja zaidi, dogo, lakini haliondoki. Nyumbani kwa akina Gabriel kuna mpishi, Prothé. Anapika, anahangaika, vita inamkuta kama inavyomkuta kila mtu. Katika kitabu chote sioni anayemwazima Prothé kitabu. Si kosa la mtoto, ndivyo mitaa ile ilivyokuwa. Lakini sisi tunaosoma hapa, kwenye mabati, wengi wetu ni wajukuu wa Prothé.

*

Niliporudia ukurasa wa mwisho wa *Petit Pays* ilikuwa mwezi wa saba, jioni, na nikakumbuka mfuko wa nailoni.

Nilimwomba baba ile karatasi. Iligawanyika kwenye mikunjo, nikaiweka vipande vinne juu ya ndoo. Niliisoma peke yangu kwanza, midomo ikichezacheza. Haikuwa na neno lolote la "kwa muda". Ilisema kwamba baba, kwa hiari yake na bila kushurutishwa, anaachia moja kwa moja madai yote ya sehemu ya chini ya shamba, yeye na warithi wake. Chini yake dole gumba la baba, wino wa zambarau.

Hadi leo sijui kama yule mtu alitudanganya au naye Kifaransa chake kilikuwa cha kubabaisha kama Kiingereza changu. Nimewahi kulala nikimchukia, nikaamka nikimwonea huruma. Ninachokijua ni kwamba kwa miaka tisa tulikuwa tunatembea na hukumu yetu ndani ya mfuko, na kati yetu hakuna aliyeweza kuisoma.

Nikamsomea baba. Kwanza Kifaransa chake kilivyo, halafu Kiswahili. Akasema, "Soma tena, mwanangu. Polepole." Nikasoma. Akasema tena. Mara ya tatu akanyoosha kidole kwenye ile alama yake ya wino na kuuliza, "Hapa ndipo niliposema hivyo?" Nikamwambia ndiyo baba, ndipo hapo.

Watu wakiandika juu ya siku kitabu kilipowakomboa huwa wanaandika furaha. Mimi nilichosikia ilikuwa hasira, na nyuma ya hasira, aibu, na nyuma kabisa, kitu kama upepo wa ziwani unaopiga usoni asubuhi. Hakuna tena mtu wa kunisomea karatasi yangu. Shamba halikurudi, kwa hivyo msinipongeze. Sehemu ile ya chini ndiko bibi alikofukia maandishi ya babu. Sasa ni mali ya watu wengine kwa karatasi niliyoielewa vizuri kabisa.

Wiki iliyofuata baba, miaka 62, aliniomba nimfundishe kuandika jina lake.

*

Ndipo nikarudi kwa Karama. Nakala nzima ya *Kusadikika* niliipata hapa kambini, kwa kijana mmoja aliyetoka nayo Kasulu. Nilifungua mwisho moja kwa moja, nimesimama juani, kama mtu anayefungua matokeo ya mtihani. Na nikakasirika. Karama anashinda! Mfalme anasikiliza, anaelewa, Karama anaachiwa, na wale wafungwa wanatolewa jela. Bibi alikosea na baba alikosea, wote wawili kwa sababu nzuri zaidi kuliko mwandishi alivyopatia. Nani kati yetu, katika mahojiano yote tuliyofanyiwa, amewahi kuona maneno mazuri yakifungua mlango namna hiyo? Nakala yangu iliyochanika ilikuwa na ukweli mwingi kuliko hii nzima. Hivyo ndivyo nilivyowaambia kikundi, na baadhi yao wanakumbuka nilivyopayuka.

Nimepunguza. Shaaban Robert alizaliwa 1909 upande wa Tanga, akasoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa ukarani, kwanza forodhani, baadaye katika ofisi nyingine za serikali ya kikoloni. Chuo kikuu hakukiona. Mengine aliyoyajua, na ni mengi, aliyatafuta mwenyewe. *Kusadikika* ilichapishwa 1951, yeye bado akila mshahara wa serikali ileile ambayo wasomaji wengi wameiona ndani ya kitabu. Mtu wa namna hiyo akiandika mwisho ambapo mfalme anasikia, anafanya nini? Nadhani anafanya tunachofanya sisi kila mwezi. Tunaandika ukurasa mzima wa dhuluma, halafu mstari wa mwisho tunaweka: tunatumaini ombi letu litapokelewa. Mwisho wa *Kusadikika* ni mwisho wa barua ya maombi. Karani anayajua maombi. Anajua kwamba ukimwonyesha mkubwa jinsi anavyoweza kuwa mwema, huenda akaona haya. Nikiusoma hivyo, nauelewa, na naona hata ujasiri wake: kuandika kesi nzima, kurasa kwa kurasa, mbele ya mfalme halisi, na kumwekea kiti cha heshima mwishoni ili asichane kitabu.

Lakini kuelewa si kukubali yote. Uhuru wa Karama unatolewa na mfalme, na kinachotolewa na mfalme kinaweza kurudishwa kesho. Wajumbe wote sita ni wanaume, na hapa kwetu waliokwenda kutafuta na kurudi na kitu, nusu au zaidi ni wanawake. Na lililonisumbua zaidi ni swali lililo kwenye kichwa cha makala hii. Karama alisomea wapi? Tunamkuta kizimbani, ulimi umeshanyooka, hoja zimeshapangwa. Hatumwoni akikosea. Hatumwoni akiandika neno kushoto na maana kulia. Kesi nzima ni ya kufundisha, na sikumbuki mwanafunzi wake hata mmoja akisimama kusema: mimi alinifundisha, na nilipojua hili nilifanya hivi. Kitabu cha kutetea elimu kimeficha darasa.

Kwa msomaji wa mjini labda si neno. Kwa sisi ni pengo kubwa, maana kijana wa hapa akimwona Karama anadhani elimu ni kipaji, mtu anazaliwa na hotuba tumboni. Akisikia habari zangu na karatasi ya baba anadhani vilevile. Hajui miezi minane. Hajui maandazi. Naandika haya ili ajue, na ili ndugu zetu wa mashirika wanaopenda kuandika katika ripoti kwamba fulani amejielimisha mwenyewe waongeze mstari mmoja wa majina ya waliomsaidia, na mstari mwingine wa bei ya mafuta ya taa.

Pamoja na hayo naendelea kusema tuanze na *Kusadikika*. Nitaeleza kwa nini, kisha niwaachie nafasi. Katika *Petit Pays* msomaji anaondoka. Gabriel anapelekwa Ufaransa, na vitabu vinakuwa sehemu ya kuondoka huko. Katika *Kusadikika* msomaji anarudi. Buruhani alirudi, Fadhili alirudi, wote sita walirudi wakijua au bila kujua kinachowangoja, na hilo ndilo swali lililoko mezani kwetu sasa hivi, fomu za kurudi kwa hiari zikipita vibandani. Kuna watakaorudi Rumonge, Minago, Nyanza-Lac, na watakutana na karatasi. Faye atawaliwaza, na siku yake itafika. Karama atawatia wasiwasi unaofaa.

Tena Shaaban Robert hakutudanganya juu ya bei. Bibi alichosema nje pale Katumba, kwamba anayejua anaonekana kwa mbali, kimo ndani ya kitabu kuanzia mjumbe wa kwanza hadi wa sita. Anachoongeza ni kwamba wale wasiojua hawakuwa salama pia. Walikuwa wanahukumiwa bila kujua wamehukumiwa. Bibi hakuliona hilo, na singeweza kumlaumu. Babu aliuawa na orodha. Baba alinyang'anywa na karatasi ambayo hakuiogopa hata kidogo, kwa kuwa ilisomwa kwa sauti ya upole.

Tumesoma Jumamosi tatu sasa. Nasoma mimi, au anasoma msichana mmoja wa kidato cha tatu anayesoma vizuri kuliko mimi, na kila tukifika kituo tunafunga kitabu, tunauliza. Mwisho bado hatujawaambia wasioujua, na nawaomba mnaoujua mnyamaze. Makisio mpaka sasa: saba wanasema Karama atauawa, wawili wanasema atatoroka, mmoja anasema watamfanya waziri ili anyamaze, na huyo mmoja alichekwa sana, kisha kicheko kikaisha ghafla. Wiki iliyopita mama mmoja anayeuza dagaa pale njia panda, ambaye huja na mtoto mgongoni na hajawahi kusema kitu, aliuliza kama wale sita waliofungwa walikuwa na mashamba, na wakati wako jela nani alikuwa analima.

Hakuna aliyekuwa na jibu. Baba, aliyekaa nyuma na penseli yake, aliandika swali hilo kwenye daftari, au sehemu yake, maana anaandika taratibu. Jumamosi ijayo tunaanza na hilo, saa tisa alasiri. Nakala ziko nne. Anayetaka kuja aje na daftari lake, yale ya shirika yamekwisha.